Darubini yako, darubini ya mbali au data za wengine? Njia tatu za kuipima asteroidi ukiwa Uganda

Asteroidi, yaani jiwe linalozunguka jua, inapopita karibu na Dunia, hata uielekezee darubini yenye kioo cha mita moja, hubaki nukta. Huoni umbo lake, wala huwezi kujua kwa macho kama ni mwamba mmoja au lundo la kifusi. Unachopata ni mwanga wa jua ulioangukia uso wake ukarudi, na mwanga huo hupanda na kushuka. Kazi ya mpimaji ni kuufuata kwa saa nyingi hadi aanze kujua kitu hicho kikoje.

Aliye Uganda ana njia tatu. Anaweza kununua darubini na kamera yake. Anaweza kuomba au kukodi muda kwenye darubini iliyoko nchi nyingine, akaiagiza kwa intaneti. Au anaweza asipige picha hata moja, akachukua vipimo ambavyo wengine wamekwisha kuviweka wazi. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mwanafunzi wa fizikia wa Mbarara, mwalimu wa klabu ya sayansi huko Mbale, na yule jamaa wa Entebbe mwenye akiba kidogo ambaye kila jioni anatazama bei za darubini kwenye simu. Huyo wa mwisho ndiye ninayemwonea huruma zaidi, maana anaanza na bei kabla hajajua anataka kupima nini.

Unataka kujua nini hasa?

Tuanze na mzunguko, kwa sababu ndio unaopatikana kwa urahisi na ndio unaobeba habari nyingi. Shika gonja, ile ndizi ndefu, mkononi, uizungushe mbele ya taa. Ikikuonyesha ubavu, inarudisha mwanga mwingi; ikikuonyesha ncha, mwanga unapungua. Katika mzunguko mmoja mwanga umepanda mara mbili na kushuka mara mbili. Asteroidi iliyorefuka hufanya vivyo hivyo, na ukichora mwangaza wake dhidi ya saa unapata grafu yenye vilima viwili. Umbali kutoka kilima cha kwanza hadi cha tatu ndio muda wa mzunguko.

Kimo cha kilima nacho kina maana. Wanaastronomia hupima mwangaza kwa magnitudi, ambapo namba kubwa ni mwanga hafifu. Tofauti ya magnitudi 0.5 kati ya kilele na bonde inaashiria kwamba urefu wa asteroidi ni karibu mara 1.6 ya upana wake. Tofauti ya 1.0 inaashiria mara 2.5. Kuna tahadhari mbili. Ukiitazama asteroidi kutoka upande wa mhimili wake, hata iliyorefuka sana itaonekana tulivu. Na ikiwa jua linaimulika kutoka ubavuni, vivuli huzidisha tofauti hiyo, nawe utaidhania ndefu kuliko ilivyo. Kwa hiyo usiku mmoja hukupa dokezo la umbo tu. Umbo lenyewe linahitaji grafu za pembe mbalimbali, mara nyingi za miaka mbalimbali.

Hata hivyo dokezo hilo si dogo. Asteroidi Eros iligunduliwa mwaka 1898, na mwaka 1901 Egon von Oppolzer alitambua kwamba mwangaza wake unabadilika. Inajizungusha mara moja kwa saa 5 na dakika 16. Karne moja baadaye, tarehe 12 Februari 2001, chombo NEAR Shoemaker kilitua juu yake, kikiwa kimekwisha kutuma picha za kitu kirefu cha kilomita 34. Grafu ndiyo iliyotangulia kusema.

Muda wa mzunguko hueleza pia kilichomo ndani. Asteroidi zinazozidi mita 200 hivi karibu zote huchukua zaidi ya saa 2.2 kujizungusha. Zaidi ya kasi hiyo, mvuto hafifu wa lundo la mawe yasiyoshikamana usingeweza kuyazuia; yangerushwa angani. Ukipima kitu cha mita 50 ukakuta kinajizungusha kwa dakika tatu, umejua kwamba kinashikiliwa na kitu zaidi ya mvuto wake. Umepata habari za ndani ya jiwe bila kuligusa.

Mfano ninaoupenda uko upande wetu huu wa Afrika. Tarehe 6 Oktoba 2008 iligunduliwa asteroidi ya mita nne hivi, ikaitwa 2008 TC3, na kabla ya siku moja kuisha ilikwisha kuingia kwenye hewa ya Dunia juu ya jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Katika saa hizo chache watu waliwahi kupima mwangaza wake. Grafu ilionyesha kwamba ilikuwa ikipepesuka: haikuzunguka mhimili mmoja, bali ilikuwa na vipindi viwili vinavyoingiliana, takriban sekunde 97 na sekunde 99. Miezi miwili baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walitembea jangwani wakiwa wamejipanga mstari, wakaokota vipande vyake.

Ukubwa ndipo wengi wanapojidanganya. Mwangaza peke yake hautoi ukubwa. Kitu kidogo cheupe na kitu kikubwa cheusi vinaweza kurudisha mwanga sawa. Ukisharekebisha umbali wa kutoka kwetu na kutoka kwa jua, unapata magnitudi halisi, inayoandikwa H. Chukua H ya 22. Kama uso unarudisha asilimia 25 ya mwanga, kipenyo ni mita 106 hivi. Kama unarudisha asilimia 5, ni mita 237. Vipimo ni vilevile, ila ujazo wa pili ni mara kumi na moja ya wa kwanza. Dawa yake ni kupima joto ambalo asteroidi inalitoa katika mwanga wa infraredi, na hiyo hufanywa vizuri kutoka angani. Mwaka 2013 vipimo vya chombo Herschel viliipandisha asteroidi Apophis kutoka mita 270 zilizokadiriwa awali hadi 325, na ujazo wake ukaongezeka kwa asilimia 75 kwenye karatasi. Makadirio ya sasa ni mita 340 hivi.

Mwisho ni aina ya jiwe. Ukipima kupitia filta tofauti, yaani vioo vinavyopitisha rangi fulani tu, asteroidi za aina ya S, za mawe ya silikati, huonekana nyekundu kidogo kuliko jua, na zile za aina ya C, zenye kaboni, huwa na rangi tulivu zaidi na uso mweusi. Kwa Uganda hili lina mguso wake. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe ya kimondo yalinyesha Mbale, na kipande kidogo kilichopunguzwa kasi na majani ya mgomba kilimgonga kijana kichwani. Yalikuwa kondriti za kawaida, aina ya vimondo vya mawe, za kundi linaloitwa L. Kondriti za kawaida ndizo zinazohusishwa na asteroidi za aina ya S, jambo lililothibitishwa na vumbi ambalo chombo Hayabusa kilileta kutoka asteroidi Itokawa mwaka 2010.

Njia tatu ubavu kwa ubavu

| | Darubini yako | Darubini ya mbali | Data za wengine |
|---|---|---|---|
| Kioo | sentimita 20 hivi | mita 0.4 hadi 2 | chochote walichotumia |
| Anayeamua usiku | wewe na mawingu | ratiba ya kompyuta | usiku ulikwisha kupita |
| Inapong'ara | asteroidi angavu, mzunguko wa saa 2 hadi 9 | rangi. Mzunguko wa haraka sana au wa polepole sana | umbo, mhimili, H |
| Gharama inayouma | ununuzi, ushuru, usafiri | maombi, au kodi ya kila dakika | bando na muda wa kujifunza |

Jedwali hilo linaficha mengi, kwa hiyo tusiliamini sana.

Darubini yako mwenyewe

Kwa darubini ya sentimita 20 yenye kamera nzuri isiyo ya rangi, chini ya anga safi, asteroidi ya magnitudi 15 inafanyika. Ya 17 ni ya kubahatisha. Asteroidi zinazopita karibu nasi zikiwa angavu kiasi hicho si nyingi kwa mwaka, na zenyewe hukaa hivyo kwa siku au wiki chache. Kumbuka pia kwamba zinakimbia. Ikisogea sekunde 20 za tao kwa dakika (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii moja), katika sekunde 9 imekwisha kuvuka upana wa nukta yake yenyewe, hivyo huwezi kuacha kamera wazi kwa dakika nzima ili kukusanya mwanga. Unapiga picha fupi nyingi, kisha kompyuta inazipanga zikiifuata asteroidi.

Ikweta ina shida yake ambayo vitabu vya Ulaya havikuambii. Stendi nyingi za kufuata nyota zimetengenezwa ili mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota huonekana kupazunguka, na kwetu ncha hiyo imelala kwenye upeo wa macho. Stendi kadhaa hazishuki hadi hapo. Zinazoshuka, chuma cha uzito kinaweza kugonga mguu wa stendi. Nyota ya Kaskazini nayo, ukiwa Kampala, imezama ndani ya ukungu na mabati ya jirani. Kwa kazi hii ya picha fupi, ningechagua stendi inayosogea juu-chini na kushoto-kulia kwa kompyuta. Picha zitajigeuza kidogo usiku unavyokwenda, lakini programu hurekebisha.

Halafu kuna hewa. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zinakula nusu ya mwaka. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ni kizuri, ila moshi wa nyasi zinazochomwa hupunguza mwanga, na hupunguza kwa kiasi tofauti saa kwa saa. Ndiyo maana kila picha hupimwa kwa kulinganisha asteroidi na nyota zilizo kwenye picha hiyohiyo, ikiwezekana zenye rangi ya jua. Kabale iko juu, lakini mabonde yake yanajaa ukungu alfajiri. Karamoja ni kukavu zaidi na kuna giza la kweli; ukienda huko, mwone kwanza mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, umweleze bomba hilo refu ni la nini, kabla hajaelezwa na mtu mwingine.

Sasa, ile sababu moja ya kununua. Darubini kubwa za kusini mwa Afrika ziko Sutherland, Afrika Kusini, na hazioni vizuri vitu vilivyo kaskazini sana mwa anga. Uganda inaona karibu anga yote, pande zote mbili, na usiku wake unafika wakati wa Chile ni mchana na wa Australia unaelekea kuisha. Kwa tukio linalotokea saa fulani tu, aliye mahali pa giza ndiye anayepata. Chombo DART cha NASA kilipoigonga kwa makusudi asteroidi ndogo Dimorphos tarehe 26 Septemba 2022, kwa saa zetu ilikuwa saa 8:14 usiku wa kuamkia tarehe 27. Darubini nne ndogo za watu wasio wataalamu, tatu kisiwani Réunion na moja Kenya, zilirekodi mwangaza ukiruka na vumbi likitawanyika, na vipimo vyao vikachapishwa. Aina hiyo ya darubini ina kioo cha sentimita 11.4 tu. Kampala ingeweza kufanya kazi ileile.

Darubini ya mbali

Mtandao wa Las Cumbres una darubini za mita 0.4, mita 1 na mita 2 huko Sutherland, Australia, Chile, Hawaii, Texas na visiwa vya Canary. Wanafunzi na walimu hupata muda bila malipo kupitia washirika wake wa elimu. Watafiti huandika maombi. Zipo pia kampuni zinazokodisha darubini kwa dakika, na unalipa kwa kadi.

Ubora wake mkubwa kuliko kioo ni longitudo. Giza kamili kwenye ikweta ni saa 9 na nusu hivi kwa usiku, mwaka mzima. Mzunguko wa Eros unaingia humo kwa nafasi. Lakini chukua Itokawa, inayojizungusha kwa saa 12.13. Kesho yake ukiwasha darubini saa ileile, inakuonyesha karibu uso uleule, ukiwa umesogea kwa dakika 16 hivi tu. Ukiwa mahali pamoja utahitaji usiku kumi hivi mfululizo, bila wingu, ili kuumaliza mzunguko wote. Darubini za mabara matatu zinapokezana na kuumaliza kwa siku moja. Kwa asteroidi ya polepole au inayopepesuka, sioni haja ya mjadala: njia ni hii.

Kwa zile za haraka, kioo ndicho kinachohitajika. Kitu kinachojizungusha kwa dakika mbili huwezi kukipiga picha ya dakika moja, maana kilima na bonde vitachanganyika vikawa tambarare. Unahitaji sekunde tano au kumi, na kwa muda huo kioo cha sentimita 20 hakikusanyi mwanga wa kutosha. Kwa rangi pia, filta hula mwanga. Zaidi ya hapo, lazima filta zibadilishwe kwa zamu na kurudia ile ya kwanza, la sivyo utadhani umeona rangi kumbe umeona mzunguko.

Ubaya wake? Hujifunzi kuushughulikia usiku kwa mikono yako, na ratiba ya kompyuta inaweza kukuweka nyuma ya mtu mwenye kipaumbele wakati asteroidi yako inaondoka. Faili nazo ni nzito. Picha moja ya kamera ya megapikseli 26 ni megabaiti 52. Picha 300 ni zaidi ya gigabaiti 15. Kwa aliye chuoni si kitu. Kwa anayenunua bando la wiki, ni jambo la kukaa na kulipigia hesabu. Omba sehemu ya katikati ya picha ikatwe, au pikseli ziunganishwe nne nne, kama mfumo unaruhusu.

Data za wengine

Hapa ndipo ningemwanzishia mtu yeyote, na ndipo wachache huanzia kwa sababu hakuna picha ya kumwonyesha rafiki. Hifadhi ya ALCDEF ina grafu za asteroidi nyingi zilizopimwa na watu wa kawaida na wataalamu, na ni bure. DAMIT ya Chuo Kikuu cha Charles, Prague, ina maumbo yaliyokwisha kupatikana pamoja na data zake. Mfumo ATLAS, ambao mwaka 2022 ulifikisha darubini nne, moja ikiwa Afrika Kusini, hupiga anga karibu yote kila siku kwa filta mbili. Toleo la tatu la data za chombo cha anga Gaia, la mwaka 2022, lina vipimo vya rangi vya asteroidi zaidi ya 60,000. Kwa kipenyo, kuna NEOWISE, chombo cha infraredi kilichofanya kazi hadi 2024.

Kwa data hizi unaweza kutafuta mzunguko kwa lugha ya programu ya Python kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida, ukakagua jibu lako dhidi ya lililochapishwa. Unaweza kuunganisha grafu za miaka mitano na kutafuta mhimili unaelekea wapi. Ndivyo ilivyogundulika mwaka 2007 kwamba mwanga wa jua wenyewe unaharakisha mzunguko wa asteroidi 1862 Apollo: grafu za miaka mingi zilipangwa pamoja, zikakataa kukaa kwenye muda mmoja usiobadilika.

Tahadhari: usichanganye grafu za usiku mzima na vipimo vya picha moja moja vilivyotumwa Minor Planet Center, kituo kinachokusanya vipimo vya asteroidi duniani. Hivi vya pili vilikusudiwa kuonyesha mahali asteroidi ilipo. Mwangaza wake unaweza kukosea kwa sehemu ya kumi ya magnitudi au zaidi, na huwezi kupata kilima cha 0.15 humo. Na asteroidi iliyogunduliwa wiki iliyopita haina hifadhi. Kwa asteroidi kama hiyo, njia hii haina la kusema.

Ningechagua nini

Mwanafunzi anayehitaji kumaliza tasnifu: data za wengine kwanza, kisha maombi ya darubini ya mbali kwa asteroidi moja aliyokwisha kuiona ina pengo. Asinunue kitu.

Klabu ya shule: darubini ya mbali kupitia washirika wa elimu, na kazi iwe asteroidi angavu yenye mzunguko wa saa tatu hadi sita, ili watoto waone vilima viwili kwa usiku mmoja. Kwa kilima cha 0.3, vipimo vyenye kosa la 0.03 vinatosha.

Jamaa wa Entebbe: anunue, kama anachotaka ni matukio yanayopita juu yake, na anunue stendi nzuri kabla ya kioo kikubwa. Tukio kubwa lenyewe linajulikana. Apophis itapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Aprili 2029, ikiwa karibu kabisa saa 6:46 usiku kwa saa zetu, na itaonekana kwa macho kutoka Afrika kwa magnitudi 3 hivi. Nayo hupepesuka, grafu yake ikijirudia kwa takriban saa 30.6, na mvuto wa Dunia unatarajiwa kuubadilisha mzunguko huo. Usiku mmoja wa Entebbe utamwonyesha chini ya theluthi moja ya kipindi, tena katikati ya mvua za Aprili. Kwa hiyo aanze kuipima wiki kadhaa kabla, usiku wowote wenye mwanya, atume vipimo vyake ALCDEF vikiwa na saa iliyosahihishwa kwa GPS, na awe ameomba muda wa darubini ya mbali kwa ajili ya usiku ambao ziwa litamfunikia anga.